Kitufe cha W

Dada alikuwa anakamua tambara la kupigia deki, na maji hayakutoka. Alilisokota, akalisokota tena, akauma mdomo wa chini, na tambara likabaki zito vilevile. Mdogo wake alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma akifungua redio ya mteja. Aliweka bisibisi chini akautazama mkono wa kushoto wa dada yake.

"Hicho kidole cha mwisho hakifanyi kazi," alisema.

"Kimechoka tu."

"Kimechoshwa na nini? Wewe ni mchapaji, si mchimba visima."

Dada alilirudisha tambara kwenye ndoo taratibu, asimwage, kwa sababu tangu maji yakatike mtaani kwao kila ndoo ilikuwa na safari yake.

Huyo mdogo mtu walimwita Mama Waya. Hakuwa na mtoto anayeitwa Waya, wala mtoto mwingine yeyote, ila wateja waliomkuta amejifunga nyaya shingoni na mabegani walimpa jina hilo, naye akalipokea. Alitengeneza redio, pasi, simu na chochote kinachopitisha umeme, katika chumba cha uani. Hakuwahi kukiri kushindwa. Kitu kikimshinda alikirudisha kwa mwenyewe na kumwambia kimezeeka, na mwenyewe aliondoka akikionea huruma.

Dada alikuwa mchapaji wa Ofisi ya Maji. Matangazo, kumbukumbu za vikao, barua za kukubali na barua za kukataa, vyote vilipita kwenye vidole vyake. Alikipenda kiti chake kuliko watu wengi wanavyopenda nyumba zao. Sasa Mkurugenzi alikuwa amemwambia, kwa upole kabisa, kwamba mkono usipopona atahamishiwa stoo ya mabomba, ambako hakuna kuchapa, ni kunyanyua tu. Dada aliisimulia habari hiyo huku akicheka, na usiku wake hakula.

Mama Waya alimkalisha kwenye meza akamwambia achape juu ya ubao mtupu, chochote, hata tangazo la maji. Dada akachapa hewa. Mama Waya aliinama pembeni akikodolea vidole macho, kama anavyokodolea saketi iliyoungua.

"Komea hapo. Hicho cha mwisho kinapiga nini kila saa?"

"A."

"Na maneno yetu karibu yote yanaishia na A, na yakiisha yanaanza nayo tena. Anakula, analala, anakaa. Mzigo wote huo umembebesha kitinda mimba?"

"Si mimi. Kibodi ndivyo ilivyo."

"Basi aliyezipanga hizo herufi hakuwa anaongea Kiswahili," alisema Mama Waya. "Nitakutengenezea nyingine."

Hakusema atajaribu.

Alianza kwa kumwambia dada alaze mikono mezani jinsi mikono inavyotaka yenyewe, si jinsi ofisi inavyotaka. Mikono ikakaa mbalimbali, mmoja huku na mwingine kule, kila mmoja umeinamia nje kidogo, mithili ya pande mbili za paa. Mama Waya akaichora kwa penseli kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Akaona kwamba kibodi ya mtu mwenye mikono miwili inapaswa kuwa vipande viwili, na akashangaa kidogo kwamba watu wamevumilia muda wote huo kukunja mabega kwa ajili ya kipande cha plastiki. Kidole cha kati ni kirefu, safu yake akaipandisha. Cha mwisho ni kifupi, safu yake akaishusha na kuiachia herufi zisizo na haraka. Vidole gumba ndivyo vyenye nguvu kuliko vyote, na kwenye kibodi ya zamani kazi yao ilikuwa kugonga nafasi tu, tena kwa zamu, na muda uliobaki vilikaa kama wakwe sebuleni. Gumba la kushoto akalipa A.

"Sitaizoea," alisema Dada.

"Utaizoea. Mtu anazoea hata mume."

Mbao zilitoka kwenye mlango wa kabati lililokufa. Alizikata, akazipiga msasa mpaka zikawa laini kama sabuni, akatoboa matundu ya swichi moja moja. Swichi zenyewe alizitoa kwenye kibodi kuukuu zilizotupwa na benki fulani, za zamani zile, kila moja ikigongwa inalia tak na kuruka juu yenyewe. Nyuma ya kila swichi alilehemu diodi, kijidude chembamba chenye mstari mweusi upande mmoja, na mistari yote ikatazama kulekule ili umeme uende bila kurudi nyuma na herufi zisipigane. Kila nusu ikapata ubongo wake, kipande cha saketi kisichozidi biskuti, na waya mmoja mwekundu ukaziunganisha nusu mbili ili zisemezane. Vifuniko vya herufi alivichonga kwa mbao zilizobaki. Chumba kilinuka moshi wa lehemu, na Mama Waya alipiga mluzi mchana kutwa.

Kibodi ya ofisi, aliyoletewa aiangalie tu, ilikuwa imeshafunguliwa na kuliwa vipuri. Hilo Dada aliambiwa baadaye.

Swichi zilipungua moja. Shimo lililobaki wazi lilikuwa la W.

Mama Waya alitazama rafu. Palikuwa na kengele ya getini, ile ya kisanduku chenye kitufe na spika, aliyoiokota kwenye vifusi vya nyumba ya kona baada ya nyumba hiyo kubomolewa. Ukibonyeza kitufe, sauti ya bibi mmoja iliuliza, "Nani?" Iliuliza ingawa haikuwa imeunganishwa na kitu, na wateja walishaizoea. Walibonyeza, wakajitaja, wakaingia. Mama Waya alikitoa kitufe, akachimbua swichi iliyokuwa chini yake, akaipunguza kwa tupa na kuipachika kwenye shimo la W. Ikaingia kama iliyozaliwa humo. Kisanduku kilichobaki akakirudisha rafuni, nacho tangu siku hiyo kikawa kinauliza kinapojisikia, na waliokuwemo ndani wakawa wanajibu ili kisichoke.

Jaribio la kwanza walilifanya asubuhi, baada ya chai. Dada aliweka mikono, akatafuta A kwa gumba, akakosea, akaipata. Mama Waya alimwambia aandike kitu anachokiona. Aliandika: *Mlango umefungwa.*

Kwenye skrini pakatokea: *Mlango umefungwa na upepo.*

Waligeuka. Mlango wa uani ulikuwa umejibamiza, pazia bado linacheza.

"Hiyo 'na upepo' sijaiandika mimi," alisema Dada.

"Lakini si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi tatizo liko wapi?"

Dada aliandika tena: *Chai imemalizwa.* Kibodi ikaongeza: *na Mama Waya.* Dada alitazama birika, kisha akamtazama mdogo wake, ambaye alijikausha na kuanza kukunja waya usiohitaji kukunjwa. Waliandika *watu*, *wiki* na *wino*, na herufi zikatoka kimya bila nyongeza. Waliandika *Nyumba ya kona ilibomolewa na serikali*, ikapita bila neno, kwa sababu aliyeibomoa alishatajwa.

"Nimeshaielewa," alisema Mama Waya. "Hiyo W imetoka getini, imezoea kuuliza nani. Ikiona kitu kimefanywa na aliyefanya hakutajwa, inauliza na nani. Ikipata jibu inaandika."

"Inajibiwa na nani?"

"Hayo siyajui, mimi ni fundi umeme."

Kabla ya kuizima, Dada aliandika sentensi moja zaidi, polepole: *Mkono wangu umeharibiwa.* Kibodi ikamalizia: *na Ofisi ya Maji.* Waliisoma wote wawili. Dada akaifuta herufi kwa herufi, akaiweka kibodi kwenye mfuko wa nguo na kwenda kazini.

Ofisini aliweka nusu moja kushoto na nusu nyingine kulia, na katikati, mahali ambapo zamani palikuwa na kibodi nzima, akaweka kikombe chake. Mabega yakafunguka. Siku za mwanzo alichapa kama anayejifunza kutembea. Kisha A ikahamia kwenye gumba moja kwa moja, na kidole cha mwisho kikapata likizo yake ya kwanza tangu aajiriwe. Maumivu yakashuka kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kifundo cha mkono, yakashuka tena hadi kidoleni, yakaondoka. Alichapa akitazama nje dirishani. Mama Waya alipoambiwa alisema, "Nilijua," na kweli alikuwa anajua.

Tangazo la kwanza kupita kwenye kibodi hiyo liliandikwa hivi na Mkurugenzi kwa mkono wake: *Wateja wa mtaa wa chini mnaarifiwa kuwa maji yamekatwa mpaka hapo baadaye. Bomba kuu limehamishwa kwa sababu za kiufundi.*

Likatoka hivi: *Wateja wa mtaa wa chini mnaarifiwa na Mkurugenzi kuwa maji yamekatwa na Mkurugenzi mpaka hapo baadaye. Bomba kuu limehamishwa na Mkurugenzi kwenda kiwanda cha barafu cha shemeji yake kwa sababu za kiufundi.*

Dada alilisoma, akalisoma tena. Mtaa wa chini ndiko alikokuwa anaishi. Alilipeleka kusainiwa jinsi lilivyo. Mkurugenzi hakujua kuchapa na hakupenda kusoma, ila saini yake ilikuwa nzuri sana, yenye mkia. Akaiweka. Tangazo likabandikwa kwenye ubao wa mtaa wa chini, karibu na bomba la umma lililokauka.

Watu walisimama na ndoo zao wakalisoma. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alisema angalau safari hii wameandika vizuri, mtu anaelewa. Fundi viatu alisema alikuwa anashangaa siku zote shemeji anapata wapi maji ya barafu yote ile. Baada ya hapo, kwa kuwa sasa walijua maji yao yako wapi, waliyafuata. Walikwenda kiwandani na ndoo, wakanunua barafu, wakaiweka juani, ikayeyuka, wakapikia na kuogea. Shemeji aliongeza mashine ya pili.

Mkurugenzi aliligundua jambo lenyewe aliposalimiwa njiani na watu asiowajua. Hawakumtukana. Walimuuliza hali ya shemeji. Akarudi ofisini, akaagiza tangazo lichapwe upya, likatoka vilevile. Akakata jina lake kwa kalamu, lakini kalamu ikateleza, na kwenye nakala likaonekana vizuri zaidi, kwa sababu sasa lilikuwa na mstari chini yake. Akaagiza kibodi mpya kutoka makao makuu, na ombi likachapwa na Dada: *Kibodi ya kawaida inahitajiwa na Mkurugenzi, kwani hii iliyopo inaogopwa na Mkurugenzi.* Makao makuu walirudisha ombi wakitaka ufafanuzi. Ndipo akamwita fundi.

Mama Waya alikwenda na mkoba wa vifaa na gauni lake la heshima. Mkurugenzi alimpa kiti. Dada alikuwa kwenye meza yake, mikono juu ya nusu zake mbili.

"Fundi, kibodi yako ina maneno mengi," alisema Mkurugenzi.

"Ina W moja tu, bosi."

"Basi toa hiyo moja."

"Nikiitoa mtaandikaje 'watu'?"

"Tutaandika 'umma'."

"Na 'wananchi'?"

"Umma pia."

Mama Waya alikiri kimoyomoyo kwamba mtu huyo si mjinga. Alimweleza kwamba swichi anaweza kuibadilisha, ni kazi ya dakika chache, ila hataki, kwa sababu kibodi haina kosa. Yeye hutengeneza vilivyoharibika. Hiki ni kizima, na kuharibu kizima si ufundi.

"Sawa," alisema Mkurugenzi, bila kupandisha sauti. "Basi kesho dada yako aende nayo stoo. Ataweka mabomba kwa mikono, na hapa nitatafuta mtu mwenye kibodi isiyouliza."

Mama Waya aliuona mkono ule ukisokota tambara na maji yakigoma kutoka. Aliuona ukinyanyua bomba la chuma. Roho ilimuuma, kwa sababu kibodi hiyo ndiyo kazi bora aliyowahi kuifanya na alijua hilo kama anavyojua jina lake. Alifungua mkoba akatoa bisibisi.

"Usiiguse, mdogo wangu," alisema Dada.

Aliweka karatasi mpya kwenye printa, akanyoosha mgongo, na akaanza kuchapa. Alichapa vizuri sana. Hata Mkurugenzi alinyamaza kuusikiliza ule mlio, tak tak tak, mikono miwili iliyokaa mbali ikielewana. Kisha Dada akaisoma kwa sauti: *Wateja wa mtaa wa chini, maji yamekatika. Bomba kuu limehama kwa sababu za kiufundi. Hali hii imetokea na imelazimika kuendelea. Poleni.*

Wote watatu walitazama skrini. Kibodi haikuongeza kitu. Hapakuwa na kilichofanywa, kwa hiyo hapakuwa na wa kuulizwa.

"Yamekatika," alirudia Mkurugenzi, akiionja.

"Yamekatwa yana mtu nyuma yake," alisema Dada. "Yamekatika hayana. Hiyo unapigia K, na K ni swichi ya kawaida."

Mkurugenzi akasaini, safari hii baada ya kusoma, na mkia wa saini ukafika mwisho wa karatasi. Alisema Dada ataendelea kukaa pale pale, na kwamba fundi amefanya kazi nzuri.

Njiani kurudi nyumbani walipita kwenye ubao wa matangazo.

"Ungeniacha nikatoa swichi," alisema Mama Waya. "Ingekuwa mimi niliyeshindwa, si wewe."

"Nani kashindwa? Mkono umepona, kiti ninacho. Nilivitaka vyote viwili." Dada alisimama kidogo. "Na W yako bado imo. Ipo kwa siku watakayosahau."

Mama Waya alijua kwamba kama yeye angekuwa na vidole vile, angevipigania vivyo hivyo.

Hawakusahau. Katika Ofisi ya Maji mambo yakawa yanatokea yenyewe. Mafaili yalipotea, ukuta ulianguka, mlinzi aliyeuliza maswali akaondoka kazini, uamuzi ukapatikana. Ofisi nyingine zilituma wachapaji wao kuja kujifunza kwa Dada namna ya kuandika safi, naye akawafundisha kwa uvumilivu, na wakaondoka wakisema hawajawahi kuona mikono myepesi kama ile. Kwenye ubao wa mtaa tangazo jipya lilibandikwa kando ya la zamani. La zamani hakuna aliyelibandua, maana hakuna aliyeagizwa kulibandua. Waliopita walisoma yote mawili wakaenda kununua barafu.

Swichi ya K ilichakaa kabla ya nyingine zote. Mama Waya aliibadilisha. Aliigeuzageuza ile mpya kwenye kiganja akaona ni ya kawaida kabisa, haijawahi kukaa kwenye mlango wa mtu. Alisema atatafuta K nyingine, lazima mahali fulani kuna swichi iliyokulia penye vitu vinavyovunjika na inayowajua waliovivunja, na akiipata ataiweka bila kumwomba mtu ruhusa. Kila vifusi vilipomwagwa alikwenda na mkoba wake. Alikuwa na hakika ataipata.

Jumamosi moja Dada alipiga deki. Alilisokota tambara mara moja tu, maji yakachuruzika yote, likabaki kavu la kuning'inia. Alikitazama kidole chake cha mwisho, akafurahi, na hakuificha furaha yake. Mama Waya alikuwa amesogea kwenye bomba la chumba chake cha kazi kunawa mikono yenye lehemu. Alifungua bomba bila kufikiri, kama anavyofanya mtu yeyote kwenye nyumba yake. Bomba likakohoa.

"Kuna maji?" aliuliza Dada kutoka uani.

"Yamekatika," alisema Mama Waya.

Rafuni, kile kisanduku kisicho na kitufe kikauliza, "Nani?"

Katika nyumba ile kisanduku kikiuliza mtu hujibu. Mama Waya alisimama mkono juu ya bomba, mdomo wazi nusu, na neno lake mwenyewe limemkwama masikioni. Dada alikuja mlangoni, akatazama rafu, akamtazama mdogo wake. Kisanduku kikangoja. Kisha wakachukua ndoo kubwa, kila mmoja akashika upande wake wa mshikio, Dada kwa mkono wa kushoto, wakaenda kununua barafu.